Kisima cha Nyumba ya Kupanga

Asubuhi niliyoondoka Masasi sikuwa na mahali pa kwenda. Niliamka mtaa wa Mkomaindo, kwenye chumba nilichokuwa nikilala pamoja na fundi aliyenifundisha kupiga plasta. Fundi alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Nikanawa uso, nikachukua mfuko wangu wenye mwiko, nyundo, tindo na shati la pili, na badala ya kumfuata nikashika upande mwingine wa barabara. Ndivyo nilivyo. Hata shule niliiacha hivyohivyo: siku moja tulifika njia panda, wenzangu wakakata kushoto, mimi nikanyoosha, nikitaka kuona ile njia inaishia wapi. Mpaka leo sijafika mwisho wake.

Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi fuso lilikuwa likipakia saruji. Nikasimama kutazama. Mimi nikiona kitu kinapakiwa, lazima nijue kinakwenda wapi.

Dereva akanichungulia kutoka dirishani. "Wewe mtazamaji, una mikono?"

"Ninayo. Shikamoo."

"Marahaba. Pakia hapa, shusha Newala, nikubebe bure."

"Na kurudi?"

"Kurudi sijakuahidi. Ukitaka kurudi, tafuta dereva mwingine umtolee macho."

Nikapanda. Sikujua wakati ule kwamba hayo ndiyo yangekuwa makubaliano safi kuliko yote nitakayoyasikia mwaka ule: nini natoa, nini napata, na kipi sikuahidiwa.

Ulikuwa msimu wa korosho. Njia nzima harufu ya mabibo ya korosho yaliyochachuka ilitufuata, na watu walikuwa wameinama chini ya mikorosho wakiokota. Gari lilipoanza kupanda mlima wa kuingia Newala, injini ikawa inalalamika kama mgonjwa, na hewa ikabadilika. Huko juu upepo ni wa baridi, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, lakini maji ni shida ya tangu mababu. Mabomba yapo. Maji yenyewe huja yanapotaka. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani zina kisima cha kuvunia mvua: shimo kubwa lililojengwa kwa saruji chini ya ardhi uani, na mabati ya paa yanamwaga maji humo kupitia gata.

Mifuko ya mwisho ilishuka kwenye nyumba moja karibu na stendi. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye upawa mkononi. Mbele ya nyumba alikuwa na mgahawa: chai na vitumbua asubuhi, maharage na ugali mchana, na ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, kwa wasafiri. Majirani walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi tangu siku ile nilimwita Mama tu.

Alinitazama nilivyojaa vumbi la saruji. "Huyu naye ni fundi au ni mzigo?"

"Ni mzigo unaojishusha wenyewe," dereva akasema, akaondoka zake.

Niliuliza saruji ile ni ya nini, na kwa kuuliza kwangu nikapata kazi. Alinipeleka uani, akainua mfuniko wa bati, nikaona kisima kikubwa, kikavu, chenye nyufa kubwa mbili. Ufa mmoja ulishuka ukutani kutoka juu hadi chini. Wa pili ulikuwa sakafuni, kwenye kona, unapitisha vidole. Majani makavu yamejaa, na chura mmoja aliyekata tamaa.

"Nimepanga nyumba hii mwaka wa tatu," Mama akasema. "Kila kiangazi nusu ya faida yangu inaishia kwa watu wa mikokoteni ya madumu. Na mimi nina kisima! Mvua inapita juu ya paa ninaloishi chini yake, inaingia ardhini, mimi nakwenda kununua."

"Mwenye nyumba anasemaje?"

"Yuko Tandahimba na mikorosho yake. Nilimpigia simu, nikamwambia kisima kimepasuka. Akasema yeye hana nafasi, fanya utakavyo."

Nikaona ni sawa. Sikuona kasoro yoyote. Wala yeye hakuiona, na sababu yake ni jambo ambalo mtu wa huku analijua tangu utotoni. Mkorosho ukitelekezwa, ukamezwa na pori, mtu anaweza kuuchukua. Anapalilia, anapogoa, anapuliza dawa, anafagia chini yake. Korosho za misimu waliyokubaliana ni zake. Mwenye mti anaweza kupita chini yake na kikapu kitupu, asiokote hata moja, na hakuna atakayemwonea huruma. Aliyehudumia ndiye anayeokota. Kwa Mama kile kisima kilikuwa mkorosho pori uliochimbiwa ardhini.

Tulikubaliana chakula, pa kulala stoo, na ujira kidogo kazi ikiisha. Niliondoa majani na chura, nikachimbua nyufa kwa tindo mpaka nikafika kwenye saruji nzima, nikajaza, nikapiga plasta kuta zote, kisha nikapaka niru, uji laini wa saruji, ikang'aa kama bakuli. Nikanyoosha gata zilizopinda. Kila jioni Mama alikuja kuchungulia juu ya shimo na kunitania. "Wewe humo ndani, ukimaliza nikufunike? Angalau utaacha kuzurura."

Mvua ya kwanza kubwa ilishuka mchana, wateja wakiwa wanakula. Mama aliacha upawa sufuriani, akakimbilia uani bila kujifunika kichwa. Tulisimama tumeshika mfuniko, tunasikiliza maji yakianguka mle ndani, kwanza kwa kelele, halafu kwa sauti nzito zaidi kadiri yalivyopanda. Hakikuvuja. Mama alilia. Mimi nilijifanya naangalia gata.

Kwa wiki kadhaa tuliishi kitajiri. Nilikaa, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilichota maji, nilipasua kuni, nikamjengea Mama jiko la matofali. Kisha asubuhi moja nilitoka stoo na ndoo, nikakuta kufuli kwenye mfuniko.

Kufuli jipya, lenye mafuta yake bado. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki cha mgahawa, alikaa mzee mmoja nadhifu, viatu vimefutwa, anakunywa chai ya Mama.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa mdomo ulitangulia akili.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Umefanya kazi nzuri sana. Nimepita na tochi, hata tone halivuji."

Alikuwa mwenye nyumba. Mama alisimama nyuma yake, mikono imeshika nguo kiunoni, na uso kama wake sijauona tena kwa mtu mwingine. Haukuwa na hasira bado. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Baba," akasema polepole, "hayo maji ni ya kupikia watu."

"Mama, mimi nimekupangisha nyumba. Mvua sikukupangisha. Kiangazi watu watakuja kununua maji hapa, na kisima ni changu."

"Nimekijenga upya!"

"Nani alikutuma?"

Nilisubiri mtu acheke. Hakucheka mtu. Mzee alimaliza chai yake, akalipa kikombe, akarudishiwa chenji. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko hata kufuli: alilipia chai iliyopikwa kwa maji yale, kwa adabu zote, na hakuona ajabu yoyote.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mama wa makamo aliyekuwa akibangua korosho uani kwake, na hakuacha kubangua hata tulipokaa. Mimi nilikwenda kama shahidi wa saruji. Mkataba ulikuwepo, umechapwa kwenye karatasi moja, na wote wawili walikuwa na nakala. Mama hakuwahi kuusoma mpaka mwisho. Alisoma kodi, akasoma miaka, akatia sahihi. Nani hafanyi hivyo? Hata mimi ningesaini hapohapo, nifungue mlango.

Mwenyekiti akaomba usomwe kwa sauti. Ulikuwa mfupi. Miaka mitatu. Kodi inalipwa mbele. Mpangaji atatunza nyumba na vyote vilivyomo. Mkataba ukiisha, mpangaji atarudisha nyumba kama alivyoikuta. Kisima hakikutajwa popote.

Mama akaanza na mikorosho, kama nilivyojua ataanza. "Mwenyekiti, wewe ni mwenyeji hapa. Umewahi kuona mtu aliyepalilia anafukuzwa na aliyelala?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Hajaona.

"Mimi pia sijaona," mwenye nyumba akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Lakini mkorosho unaombwa. Mtu anakuja nyumbani, anakaa mkekani, mnasema mbele ya watu: utahudumia misimu kadhaa, utaokota misimu kadhaa, halafu utanirudishia. Wewe ulikaa mkeka gani na mimi?"

"Nilikupigia simu! Ukasema fanya utakavyo."

"Nilisema fanya. Sikusema chukua."

Ilikuwa kweli. Tangu utoto wangu nilikuwa nimeishika nusu moja tu ya ule utaratibu, nusu ya jasho. Ile nusu ya mkeka, ya kuomba na kutajiana misimu, nilikuwa nikiiona kama adabu tu za wazee, kama kupeana karibu. Kumbe ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Mwenyekiti akaweka chini jiwe lake la kubangulia. "Baba, nikuulize. Kisima kikipasuka tena akiwa ndani ya nyumba yako, utamdai akitengeneze?"

"Nitamdai. Si imeandikwa? Atunze vyote vilivyomo."

"Kwa hiyo kikipasuka ni chake, kikijaa ni chako?"

Mtu mmoja aliyekuwa amesimama nje ya uzio akapiga mluzi.

"Toa kufuli," mwenyekiti akasema. "Anayetunza anatumia. Ndivyo ninavyousoma mkataba huu mimi. Usiporidhika, nenda baraza la kata."

Mama aliniminya mkono mpaka ukauma. Tulikuwa tumeshinda. Ningependa kusema tulirudi tukiimba, lakini mzee hakuwa amesimama bado.

"Sawa," akasema. "Natoa. Mkataba unaisha lini?"

Mwenyekiti akatazama karatasi. Unaisha mvua zinapoisha.

"Sitauongeza. Ni haki yangu, au si haki yangu?"

"Ni haki yako," mwenyekiti akasema.

"Na kisima kinabaki."

"Kilichojengwa kwenye ardhi ya mtu hakibebwi mgongoni."

"Na arudishe nyumba kama alivyoikuta."

"Hilo nalo limeandikwa."

Hapo ndipo tulipoelewa tumeshinda nini. Mama alikuwa na haki ya maji wakati wa mvua, wakati kila ndoo mtaani imejaa bure. Siku jua litakapoanza kukausha ardhi, siku maji yatakapokuwa na thamani, haki yake itakuwa imekwisha, na kisima kitakuwa kimejaa hadi shingoni, kimezibwa kwa saruji yake na mkono wangu.

Tulipofika nyumbani Mama akachota maji, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Miezi iliyofuata alimpigia mzee simu mara nyingi. Aliomba mwaka mmoja tu. Aliomba arudishiwe gharama ya saruji. Mzee alikuwa mstaarabu kila mara, alimsalimia, aliulizia biashara, kisha akasema mkataba umeshasema. Mama akatafuta sehemu nyingine, akapata vyumba viwili kwenye nyumba ya mjomba wake, mbali na stendi, mahali ambapo msafiri hafiki kwa bahati. Mimi nilikuwa nikimtazama anavyobadilika. Alianza kuusoma ule mkataba. Aliusoma akisubiri maharage yaive, kidole kikifuata mstari, kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele.

Mvua zilipoanza kukatika, akatoka barabarani akatangaza: anayetaka maji aje. Bure. Walikuja na ndoo, madumu, mapipa. Wafyatua matofali walikuja na toroli. Watu walijaza kila walichokuwa nacho, wakambariki, na mtaa mzima ulikuwa na matope kama soko la samaki. Nilifurahi mno. Nilidhani huo ndio mwisho wa kisasi chake, kuacha kisima kitupu, na nikaona ni kisasi kizuri, chenye baraka ndani yake.

Siku ya mwisho ya mkataba vyombo vyake vilikuwa vimeshapelekwa kwa mjomba. Maji kisimani yalikuwa yamebaki ya kifundo cha mguu. Akaja stoo na nyundo yangu na tindo langu, akanipa.

"Shuka," akasema. "Nirudishie zile nyufa."

Nilidhani ananitania, kama alivyozoea. Nikacheka. Hakucheka.

"Mama, haiwezekani."

"Nilikikuta kimepasuka. Yeye mwenyewe amesema mbele ya mwenyekiti, nirudishe nyumba kama nilivyoikuta. Wewe ni shahidi. Ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia. Lakini hawa wote," nikaonyesha mtaa, "kiangazi wangepata maji hapa. Hata kwa kununua."

"Wangepata kwangu."

"Kazi hiyo siifanyi, Mama."

Alinitazama. Sikuona chuki. "Hulazimiki," akasema. "Tulikubaliana kuziba. Hatukukubaliana kuvunja." Akachukua nyundo na tindo, akavua kandambili, akashuka ngazi mwenyewe.

Nilisimama juu ya shimo. Nilisikia pigo la kwanza, likavuma mle ndani kama ngoma. Ilikuwa niru yangu. Nilijua kila mahali mwiko ulipopita. Akapiga tena, na tena, kwenye kona ya sakafu, palepale ulipokuwa ule ufa wa vidole. Kisha akaacha kupiga, nikasikia maji yaliyobaki yakianza kunywewa na ardhi.

Alipanda juu akiwa amelowa mpaka magotini. "Ule wa ukutani nimemwachia umezibwa," akasema, anahema. "Huo ni zawadi."

Mwenye nyumba alikuja kupokea funguo na mwenyekiti kama shahidi. Alikagua vyumba, akaridhika. Akaenda uani, akawasha tochi, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka alionekana amezeeka ghafla.

"Mwenyekiti," akasema mwishowe, "unaona?"

Mwenyekiti alichungulia. Halafu akamtazama Mama, akanitazama mimi, nikatazama chini. "Fundi, ufa huu ulikuwepo alipoingia?"

"Ulikuwepo," nikasema. Ulikuwepo.

"Mahali hapahapa?"

"Hapahapa."

Akafunga mfuniko. Hakusema aliyekosea ni nani. Alimwambia mzee atie sahihi kwamba amepokea nyumba, na mzee akatia. Mama aliweka funguo mezani, akamwambia mzee "kwaheri, Baba" kwa heshima kamili, akaondoka bila kugeuka. Mimi sikuweza kumfuata kwa mjomba wake, ingawa alinikaribisha. Tangu mwanzo nilikuwa upande wake, na hata leo nikiulizwa nitasema alidhulumiwa. Lakini lile pigo lilikuwa limenitoa mahali. Watu wawili walikuwa wameshika haki zao sawasawa, kila mmoja kwa mstari wake wa mkataba, na kilichobaki ni shimo kavu na mtaa uliokuwa unaelekea kiangazi.

Nilitembea mpaka stendi na mfuko wangu. Gari lililokuwa likiondoka lilikuwa la kushuka Masasi, nikapanda. Nilishuka kabla ya kufika, nikachukua bodaboda, na kwa kufuata barabara ambayo sikuwahi kuipita nikajikuta kijiji cha Chidya, jua likiwa bado juu, wanafunzi wakitoka shule na madaftari kichwani kukinga mwanga.

Nilielekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa na chumba cha uani. Nyumba ya matofali ya zamani, msalaba mdogo juu ya mlango, mikorosho inaanzia nyuma ya choo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha linalofunga. Kilinifaa. Nilikuwa nataka kuingiza mfuko ndipo nikaona, kando ya jiko, tangi la saruji linalopokea maji ya paa, na alama ya unyevu ikishuka ubavuni mwake. Ufa.

Nikabaki na mfuko begani.

"Bibi, hilo tangi linavuja."

"Linavuja tangu mume wangu yuko hai. Ingia utue mzigo."

"Mimi ni fundi. Nikiliziba, maji yatakuwa ya nani?"

Bibi akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea. "He! Mwanangu, hujalala hata usiku mmoja, umeshaanza kugombea mvua?"

"Sigombei. Nauliza."

"Ya nani! Ya kunywa! Utakunywa wewe, nitakunywa mimi."

"Na nikiondoka?"

"Ukiondoka utabeba tangi?" Akacheka peke yake, kisha akaona sicheki, akanitazama vizuri, kama anayemkagua kuku aliyeletwa na mgeni. "Umefanywa nini huko ulikotoka?"

Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia tu: nitaliziba, nitatumia maji nikiwa hapa, nikiondoka ninaliacha zima, na wakati nipo hakuna atakayelifunga. Lakini hayo nataka tuyaseme mbele ya mtu.

Bibi akatikisa kichwa, akakung'uta unga mikononi. Akasogea kwenye uzio akamwita jirani yake, mwanamke aliyekuwa akianua nguo. "Njoo usikie vituko. Nimepata mpangaji anataka mkeka kwa ajili ya tangi bovu."

Jirani akaja na nguo begani. Bibi akatandika mkeka kweli, nusu kwa mzaha, tukakaa watatu, na yale maneno yakasemwa, kwanza na mimi, kisha na yeye. Jirani akasema amesikia.

Ndipo nikaingiza mfuko ndani.